Yanayoweza Kungoja

Mimi ni mtu wa mdomo. Nalisema mapema ili asije mtu akanisemea. Nilizaliwa upande wa Kenya, si mbali na mpaka, nikaolewa Uganda na askari magereza, Mmasaba wa Mbale, mtu mpole ambaye akisema maneno kumi kwa siku basi amehutubia. Nadhani Mungu alipotuunganisha alipiga hesabu ya maneno ya nyumba nzima, akanipa mimi fungu la wote wawili. Tumekaa miaka mingi Walukuba, pale Jinja, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda, na mlangoni pangu ndipo ninapokaanga chapati. Wakati huu ninaousimulia mume wangu alikuwa amehamishiwa Karamoja. Alikuja likizo tu, na kila mwisho wa mwezi alituma kwa simu pesa ya kodi na ya unga.

Haya. Kwetu hapa mtu haoi peke yake. Kila Jumapili mchana baada ya kanisa, wiki nane au tisa kabla ya harusi, watu wanakutana. Katibu anasoma bajeti: ng'ombe wawili, mchele, mahema, magari, keki ya ghorofa tano. Kisha kila mtu anasimama, anataja atakachotoa, na kinaandikwa. Hiyo ndiyo ahadi. Na kwa kuwa wengi wetu ni watu wa magereza, mikutano yetu ina jambo ambalo sijaliona kwingine: tuna rumande. Benchi moja linawekwa ukutani. Ukichelewa, ukiacha simu ilie, ukiwa uliahidi Jumapili iliyopita na leo umekuja mikono mitupu, unakamatwa, unakalishwa pale, na hutoki mpaka mtu akuwekee dhamana. Elfu mbili, elfu tano, zinaingia kwenye kapu la harusi, na watu wanacheka mpaka machozi.

Mkuu wa rumande alikuwa nani? Ni mimi.

Walinichagua kwa sababu ya Kiswahili. Wake wa askari wetu wanatoka Acholi, Lango, Teso, Bugisu, kila mmoja na lugha yake, na kitu kinachotuunganisha ni Kiswahili, kibovu au kizima. Wazee wa mjini wengi hawakipendi. Wanasema ni lugha ya bunduki, inawakumbusha wanajeshi waliokuwa wakibisha hodi kwa kitako cha silaha. Huwa nawaambia, wazee wangu, hicho kilikuwa cha wale, hiki changu ni cha chapati, kuleni kwanza. Basi nikawa ndiye ninayesimama mbele, nikiita, nikikamata, nikiwatania wakubwa kwa wadogo. Ukijitetea nilikuwa na jibu moja tu: "Ahadi ni deni! Kaa benchini!"

Wala sikuwa mkali kwa wenzangu kisha mwenyewe nikafumba mkono. La hasha! Binamu wa jirani wa mtu wa kwaya anaoa, mimi nimeshasimama: "Andika laki moja!" Hapo vigelegele vinapasua paa, mwenyekiti anasema, "Mkenya huyo! Mkenya anatuaibisha wenye nchi!" Acha niseme kweli, vile vigelegele vilikuwa vitamu kuliko chai ya tangawizi. Nilikuwa nikirudi nyumbani navisikia bado masikioni. Na nililipa kila nilichotaja, sikuwahi kukalia benchi lile hata siku moja. Moyoni nilijiambia, siku yangu nami itafika, watanirudishia.

Mwaka huo binti yangu, mtoto wetu wa pekee, akapata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Mbale. Uuguzi aliutaka tangu mdogo. Kuku wangu walikuwa hawatembei kwa bandeji. Barua ilisema wazi: aripoti Jumatatu fulani, na siku hiyo awe na laki sita, nusu ya ada ya muhula, la sivyo nafasi inapewa anayefuata kwenye orodha. Tulikuwa na wiki tano. Nikaichomeka ile barua nyuma ya picha ya Yesu ukutani, nikamwambia, "Usijali mwanangu, sako ipo."

Sako ni chama chetu cha akiba na mikopo. Unaweka akiba kidogo kidogo, na ukitaka mkopo wanakupa mara tatu ya ulichoweka, ukiwa na mwanachama mwenzako wa kukudhamini. Nilikuwa nimeweka kwa miaka. Kichwani mwangu pesa ile ilikuwa imelala pale imenona.

Wiki hizo hizo sako ikaleta mwalimu wa mambo ya pesa. Alikuwa dada wa Kisoga, mwembamba, mwenye miwani mikubwa na sauti ya kanisani, na sote tukamwita Madamu. Siku ya kwanza, katika ukumbi wa kanisa pale Walukuba, alibandika chati zake za Kiingereza akaanza kueleza kwa Luganda. Wake wa askari kutoka kaskazini wakawa wanamtazama tu, kama watu waliojibanza barazani wakingoja mvua ipite. Meneja akaona darasa linakufa. Akasema, "Mwiteni Mkenya."

Jamani, nilifurahi! Luganda niliijua kwa miaka ya sokoni, na mbele ya watu ndipo kwangu. Madamu akisema sentensi moja, mimi natoa sita. Yeye anasema, "Andikeni matumizi yenu yote." Mimi nasema, "Mmesikia? Andikeni yote! Hata ile soda uliyokunywa Masese ukidhani mumeo hajui, iandike!" Yeye anasema, "Pesa isiyopangwa hupotea." Mimi nasema, "Usipoipangia pesa kazi, shemeji atakuja kuipangia!" Ukumbi mzima unaanguka. Madamu akinitazama juu ya miwani, anauliza taratibu, "Maama, hayo yote nimesema mimi?" Namwambia, "Madamu, Kiswahili ni kirefu."

Somo lake kubwa lilikuwa rahisi. Chukua daftari, chora mstari katikati. Upande mmoja andika Ya Lazima, upande wa pili andika Yanayoweza Kungoja. Kwa wiki mbili kila shilingi iandikwe mahali pake, pamoja na mipango iliyo mbele yako. Nililitafsiri somo hilo kwa moyo wote. Nilipiga meza. Kuna mama alitoka pale akasema hajawahi kuelimishwa hivyo, na nikapokea sifa zile kama zangu. Mganga hajigangi, lakini siku hiyo nani angeniambia?

Nyumbani mikono yangu hushinda kwenye unga, kwa hiyo daftari langu aliliandika binti yangu. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, mimi nasukuma chapati, yeye anauliza.

"Mama, zile laki tatu za harusi ya binti wa Afande?"

"Hiyo lazima."

Afande huyu alikuwa mkubwa wetu, mtu wa Lango, mnene, akikohoa nyumba tatu zinajua. Binti yake alikuwa anaolewa, na mimi nilikuwa nimetaja laki tatu, ahadi kubwa kuliko zote za maisha yangu. Nilikuwa nazijaza chapati kwa chapati katika kopo la mafuta chini ya kitanda.

"Na elfu hamsini za harusi ya yule wa kwaya?"

"Lazima! Si nimesema mbele za watu?"

"Na kitenge cha kamati?"

"Wewe mtoto, unataka nivae gunia?"

Akaandika. Ni mtoto wa baba yake, haongezi neno. Sikuuliza ameandika nini kingine, na wala sikulifungua lile daftari. Nilikuwa naangalia chapati zisiungue.

Ilipobaki kama wiki mbili, nikaenda ofisini kwa sako na kitabu changu cha akiba, nimevaa vizuri, niombe mkopo wa laki sita. Karani dirishani akatazama, akasema, "Mama, akiba yako ni laki moja. Unaweza kukopa laki tatu."

"Ebo! Laki moja ya nani?"

Nilifanya fujo pale, siwezi kuficha. Nilisema maneno mpaka mlinzi akaingia. Madamu akatoka ndani, akanikalisha, akafungua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Hapa nilitoa elfu themanini. Hapa laki na nusu. Hapa laki. Kila mstari niliutambua: hii ilikuwa mahema ya fulani, hii petroli ya magari ya maharusi, hii sehemu ya keki ambayo hata kipande sikuonja. Nilitaka kusema mmeniibia, lakini sahihi zote zilikuwa zangu, zimepinda kama chapati ya kwanza ya asubuhi.

Madamu akasema kwa upole, "Maama, daftari lako unalo? Tuliangalie pamoja."

Nikamjibu, "Wewe hata hujaolewa. Utajua nini habari za kuishi na watu?"

Lilikuwa neno baya. Alifunga kitabu akanirudishia kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wasichana waliolelewa vizuri. Nilitoka nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwangu mimi, ila sikuwa bado nimeijua njia yake. Nyumbani binti yangu aliuliza, "Wamekubali?" Nikasema, "Wanafikiria." Nikampita bila kumtazama.

Siku tatu baadaye simu inalia. Ni Madamu. Sako inafungua tawi Mbale, mtaa wa Namakwekwe, na huko kuna wachuuzi, watu wa bodaboda, wake wa polisi, madereva wa Kenya wanaopita na barabara kuu. Anahitaji mkalimani. Nauli ipo, na elfu thelathini ya siku. Kwa sauti yake usingejua kwamba nimewahi kumtukana. Nikakubali, nimenuna. Na nikatia daftari kwenye mkoba, ili nimthibitishie mbele ya watu kwamba mimi Mkenya nimeandika kila kitu na hakuna senti niliyoitupa.

Tulifika Mbale asubuhi, mlima Wanale umejifunika ukungu nusu. Kabla ya darasa nikaomba tupite getini kwa chuo. Wasichana walikuwa wanatoka wodini, magauni meupe, mikanda ya buluu kiunoni, wanacheka kwa uchovu. Nilisimama nikawatazama mpaka Madamu akagusa saa yake.

Ukumbi wa Namakwekwe ulikuwa nyuma ya maduka, umejaa. Mbele kabisa alikaa dereva wa lori, mtu wa kwetu Kenya, ambaye aliposikia Kiswahili changu alipiga paja akasema, "Leo nitaelewa!" Nikapata nguvu. Nikatafsiri, nikatania, watu wakacheka, jasho la furaha likanitoka. Tukafika kwenye zile safu mbili. Madamu akauliza, "Nani anaweza kutuonyesha mfano?" Wale walikuwa wageni, hakuna aliyekuwa na daftari.

"Mimi!" nikasema. "Mimi nimeandika yote."

Nikalifungua kwa mara ya kwanza. Mwandiko safi, mistari imenyooshwa kwa rula. Nikasoma kwa sauti. Ya Lazima: unga wa ngano, mafuta, mkaa, kodi. Harusi ya binti wa Afande, laki tatu. Kwaya, elfu hamsini. Kitenge cha kamati. Soda za kikao. Kila nikisoma naongeza kichekesho, na ukumbi uko nami. Nikasema, "Sasa tusikie yanayoweza kungoja, maana hata hayo tunayo!"

Nikasoma. Viatu vya binti. Neti ya mbu. Halafu mstari wa mwisho: Ada ya chuo, laki sita. Na pembeni, kwa herufi ndogo ndogo: labda mwakani.

Nikanyamaza.

Nilikuwa nakiona kile kigoda cha jikoni, na mimi nikisema lazima, lazima, lazima, na mtoto anaandika, na akifika kwenye maisha yake mwenyewe anaangalia upande wa kwanza umejaa, anayahamishia upande wa pili. Hakulalamika. Alikuwa ametii tu. Mama amesema harusi za watu ni za lazima, basi.

Dereva akaita, "Mama, tafsiri! Umeona nini hapo?"

Madamu alikuwa kando yangu. Alikwisha kuona. Hakunisaidia wala hakunisukuma, alingoja tu.

Basi nikatafsiri. Niliwaambia kwamba hili daftari ni langu na mwandiko ni wa mwanangu. Niliwaambia kuhusu barua nyuma ya picha, na kopo chini ya kitanda lililokwisha kutimia laki tatu, na nani alikuwa mkuu wa rumande. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na huzuni, na hapo hapo, ajabu, nilikuwa nimepumua. Nilipomaliza yule dereva akatikisa kichwa. "Nyani haoni kundule, mama," akasema. "Wewe umeliona lako mchana kweupe. Mshukuru Mungu." Watu wakacheka, nami nikacheka huku napangusa kamasi kwa kitenge.

Baada ya darasa nilimwambia Madamu, "Nilikukosea siku ile. Nisamehe, mwanangu." Akasema, "Yameisha, maama." Kisha akatoa kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya mahudhurio: sako laki tatu, kopo laki tatu.

"Lakini za kopo ni za harusi," nikasema.

"Ni za nani?" akauliza.

Swali fupi tu. Nilikaa nalo njia nzima ya kurudi Jinja. Nilipofika nilimpigia mume wangu Karamoja, nikamweleza yote, na nilieleza kwa muda mrefu. Akasikiliza. Mwisho akasema, "Mtoto kwanza." Kwake hiyo ni hotuba.

Sasa mkopo ulihitaji mdhamini, na kila mwanachama niliyemfikiria nilikuwa nimewahi kumkamata. Na wiki ilikuwa moja tu.

Jumapili ikafika. Kamati ya harusi imejaa, Afande ameketi mbele na shati lake la maua, katibu anasoma majina. Likafika langu. Nilisimama.

"Afande, niliahidi laki tatu. Sitazileta."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Rumande?" kama anayeuliza. Mwingine akadakia, "Rumande!" Na ukumbi mzima ukalipuka, "Rumande! Rumande!" Wote niliowahi kuwakalisha walikuwepo! Mke wa koplo mmoja, ambaye niliwahi kumshikilia saa nzima kwa kosa la simu, alinijia mbio na furaha ya Krismasi. "Vua viatu," akaniambia, "mahabusu hakai na viatu." Nikavua. Nikakalishwa. Benchi lenyewe, sijawahi kulijua, lina msumari.

"Dhamana yake laki moja!" akatangaza Afande, na hakuna aliyenyanyua mkono. Nilimtazama usoni nikaona hacheki. Nilijua huyu akikasirika hakuna atakayenidhamini pale Walukuba, na Jumatatu ya kuripoti, siku nane mbele, ile nafasi ya Mbale itakwenda kwa mtoto wa mtu mwingine.

Nikasema, "Afande, mahabusu anaruhusiwa kujitetea?"

"Sema."

Nikatoa daftari mkobani, nikawasomea kama nilivyosoma Namakwekwe, safari hii bila vichekesho. Nilipofika kwenye labda mwakani, Afande akainuka akaja mpaka kwenye benchi. Alinyoosha mkono, akachukua daftari, akasoma mwenyewe midomo ikicheza.

"Hii mutoto ndiyo naandika hivi?"

"Ndiyo, afande."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Anaangalia jiko."

Akageuka. Kisha akasema, si kwangu, kwa watu wote, "Mimi nasoma mpaka darasa ya saba. Baba yangu nakufa, watu naleta pesa mingi ya mazishi. Tunakula ng'ombe tatu. Shule nafungua, mimi nauliza ada. Hakuna mutu naleta." Akafunga daftari. "Hiyo karatasi ya sako ya mudhamini, iko wapi?"

Ilikuwa mkobani. Akaiweka juu ya goti lake kubwa, akatia sahihi, akaandika namba yake ya uanachama. "Hii ndiyo dhamana yake," akawaambia. "Fungua huyu mama."

Nililia, na sijali nani aliniona. Nikavaa viatu, nikaenda mbele, nikatoa noti ya elfu kumi. "Hii ndiyo niliyo nayo ya harusi," nikasema, "na hii hapa, ishikeni. Sina ahadi nyingine." Katibu akaandika: elfu kumi, taslimu. Hakukuwa na kigelegele hata kimoja.

Lakini subiri. Mke wa koplo, yule yule, akasimama akasema kwamba hata yeye ile laki yake angependa iwe elfu ishirini, kwa sababu paa linavuja. Kisha mwingine. Kisha foleni ikaelekea mezani kwa katibu, kila mtu anapunguza, na keki ikaanza kushuka, ghorofa tano, nne, tatu. Afande akafoka, "Sasa munataka binti yangu naolewa na mandazi?"

"Afande," nikamwambia, "mandazi naweza. Nitakuletea mia mbili, bure."

Akanitazama, akaanza kucheka, na alipocheka yeye, tulicheka sote mpaka mchungaji akachungulia dirishani. Ile harusi ilifanyika, keki ghorofa mbili, na mandazi yangu yalikwisha kabla ya wali.

Jumatatu ya kuripoti tulikuwa Mbale mapema, binti yangu na mimi, na sanduku lake la bati. Laki tatu za sako, laki tatu za kopo, nyingine noti zinanuka mafuta. Karani wa chuo alizihesabu akinusa vidole, akagonga muhuri. Risiti nilimkabidhi mwanangu, sikutaka kuishika mimi.

Tukatoka mpaka getini. Akakaa juu ya sanduku, akaniomba lile daftari. Akatoa rula. Akaikata ile ada kwenye safu ya pili kwa mstari mmoja ulionyooka, akaiandika upya upande wa Ya Lazima, na mbele yake: imelipwa. Kisha akafikiri kidogo, akarudi kwenye safu ya pili, mahali palipobaki wazi, akaandika maneno matatu. Akanipa nisome. Alikuwa anajizuia kucheka, na macho yamejaa machozi.

Chini ya Yanayoweza Kungoja aliandika: Vigelegele vya mama.

Mimi, mtu wa mdomo, safari hii nilitumia mikono. Nilimkumbatia, akachukua sanduku lake, akaanza kupanda njia ya kwenda mabwenini, mgongo umenyooka kama wa baba yake. Nikamwangalia. Halafu nikaona la, jamani, hili haliwezi kungoja. Nikaweka mkono mdomoni nikampigia vigelegele peke yangu pale getini, virefu, kimoja baada ya kingine, mpaka mlinzi akatoka kibandani kuuliza nani anaolewa.